Maneno ya Kuinulia Chuma

Ingia gym yoyote ya mtaani, Mbagala, Kawangware au Ng'ambo kule Unguja, na kabla hujaona chuma utaona maneno. Yamepakwa ukutani kwa rangi ya mafuta, kando ya picha ya Arnold Schwarzenegger katunisha mkono, na aghalabu asili yake ni Kiingereza: bila maumivu hakuna faida, inua kikubwa au rudi kwenu, maumivu ni udhaifu unaotoka mwilini. Ajabu ni kwamba sisi hatujawahi kupungukiwa maneno. Tunayavaa kwenye khanga, tunayaandika kwenye migongo ya daladala, kwenye madigadi ya bodaboda na ubavuni mwa mashua. Tukifika kwenye chuma, tunaazima.

Kuazima si dhambi. Ila anayeazima aulize kwanza neno hilo lilisemwa na nani, siku gani, akiwa amebeba nini. Nimewasikia watu wakinyanyua vyuma kwa muda mrefu, na nimefikia imani moja ambayo ndiyo ninayotaka kuitetea hapa: neno la kukutia nguvu linalofaa ni lile ambalo siku nyingine linaweza kukuambia weka chini, nenda nyumbani ukalale. Neno linalojua kusukuma tu litakuumiza, na hapo kinachosubiriwa ni siku yenyewe.

Tuanze na lile maarufu kuliko yote, bila maumivu hakuna faida. Kwa Waingereza ni neno la kale, lilikuwepo karne nyingi kabla ya gym, na waliolitumia walikuwa wakizungumzia jasho la kazi na mavuno yake. Kwenye mazoezi lilienea miaka ya 1980, na aliyelisambaza sana ni mwigizaji Jane Fonda, ambaye kanda yake ya video ya mazoezi ya mwaka 1982 ilinunuliwa na watu wengi mno. Mkulima akilisikia neno hilo anafikiria jembe. Kijana aliyelala kwenye benchi, bega likimchoma, anafikiria kwamba bega lile ndilo faida yenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kulikariri, yajue maumivu yako. Kuna moto wa msuli katika mara za mwisho, ule unaowaka pajani au mkononi na kuzimika muda mfupi baada ya kuweka chini. Huo ndio kazi, uvumilie. Kuna misuli kukaza na kuuma kesho yake, kunakoanza baada ya saa 24 hivi na kwa kawaida kufikia kilele siku ya pili au ya tatu, hata kuchuchumaa chooni kukawa mtihani. Humpata sana mgeni, au mwenyeji aliyebadili zoezi, na tiba yake ni kutembea, kula, maji na usingizi. Wapo wanaoyatumia maumivu hayo kama kipimo: nisipochechemea kesho, leo sikufanya kitu. Wanajidanganya. Mwili ukishazoea zoezi hauumi sana, na bado unajengeka.

Halafu kuna maumivu makali ya ghafla, yanayochoma mahali pamoja, kwenye kiungo: bega, goti, kiwiko, uti wa mgongo. Au yanayotoka kiunoni na kushuka mguuni na kuacha ganzi. Hayo hayana faida upande wa pili hata ukiyavumilia kwa mwaka. Na ikitokea mkojo umekuwa na rangi ya chai ya rangi baada ya mazoezi ya kupita kiasi, hasa kwa mtu aliyekaa miezi bila kufanya chochote kisha akaja kushindana na wenyeji kwenye joto la Februari, usingoje asubuhi. Msuli umeharibika kiasi cha kumwaga vilivyomo ndani yake kwenye damu, na figo zinaelemewa. Hapo ni hospitali, usiku huo huo.

Neno la pili la kuazima ni kilio cha Ronnie Coleman. Huyu ni Mmarekani aliyekuwa polisi katika mji wa Arlington, Texas, na akatwaa taji la Mr. Olympia mara 8 mfululizo, tangu 1998 hadi 2005. Kabla ya kuinua alikuwa na desturi ya kupaza sauti kwamba mzigo ni mwepesi. Kilio hicho kimevuka bahari. Utakisikia Kigamboni kwa lafudhi yake ile ile, na anayekitoa ana kilo 40 za zege mabegani. Coleman alikuwa na takriban kilo 363, akachuchumaa nazo na kuinuka mara mbili.

Mimi nakipenda kilio kile. Ni uongo mtamu, na una kazi yake: mtu anayeuogopa mzigo huanza kuuinua akiwa ameshalegea magoti. Lakini wanaokiazima huacha nusu ya pili ya habari. Mgongo wa Coleman ulianza kumsumbua angali kwenye mashindano, naye akaendelea kubeba. Baadaye alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara kumi, wa mgongo na nyonga, na leo hawezi kutembea bila magongo au kiti cha magurudumu. Mwenyewe husema hajutii, na ni haki yake. Alipata mataji manane na jina litakaloishi. Wewe unayefanya mazoezi ili suti ya harusi ikukae vizuri, utalipwa nini kwa mgongo wako?

Wahenga walilitazama jambo hili kutoka upande wa pili: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa anayetazama, kila mzigo ni mwepesi. Ndiyo maana kwenye gym ninamchunguza zaidi anayepiga kelele kuliko anayenyanyua. Mshangiliaji wa kuaminika ni yule ambaye mikono yake iko chini ya chuma chako. Akikuambia bado unayo moja, anajua kwamba usipoiweza ataibeba yeye. Anayekushangilia huku ameegemea ukuta, simu mkononi akikurekodi, maneno yake hayamgharimu kitu.

Kwenye benchi hili ni suala la uhai. Kwenye gym zenye vyuma vya dukani, mtu aliye peke yake hushauriwa asifunge vibanio vya pembeni, ili akielemewa ainamishe chuma upande mmoja na sahani ziteleze zianguke. Vyuma vyetu vingi vya mtaani ni bomba lililosimikwa kwenye makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Havina sahani ya kuanguka. Kikikulalia kifuani, kimekulalia. Mwenye vyuma vya zege asilale benchi peke yake, awe na moyo wa namna gani. Siku ambayo hana mwenzake apige pushapu, na zikiwa nyepesi aweke miguu juu ya kiti, na zikiwa bado nyepesi ashuke kwa hesabu ya nne. Kifua hakijui kama kinasukuma chuma au kinasukuma ardhi.

Sasa kuna ule uongo ambao kila gym inao: moja ya mwisho! Kila aliyewahi kulala benchi anaujua. Moja ya mwisho, haya, ya mwisho tena, hii sasa ya mwisho kabisa, usiniangushe, ya mwisho. Inachekesha, na mara moja moja inasaidia. Ila mtu aliyezoeshwa kudanganywa huanza kujiwekea akiba, kwa sababu hajui mwisho ni upi. Pataneni kabla: leo nane. Ikifika ya sita mwenzako aanze kuhesabu kwa kushuka, bado mbili, bado moja, basi. Nane zikiisha na unahisi ungeweza nyingine moja au mbili, hujapoteza kitu. Kwa wengi wetu kubakiza mara moja au mbili ndani ya mwili kunatosha kabisa kuongeza nguvu, na kunakuacha na viungo vizima vya kurudi navyo keshokutwa.

Na wewe mwenyewe, kimoyomoyo, ujiambie nini? Wataalamu wa saikolojia ya michezo wamelishughulikia swali hili kwa miongo kadhaa. Mwaka 2011 Antonis Hatzigeorgiadis na wenzake wa Chuo Kikuu cha Thessaly, Ugiriki, walizikusanya pamoja tafiti nyingi kuhusu wanamichezo wanaojisemesha. Walikuta kwamba kujisemesha kunasaidia kweli, na kunasaidia zaidi pale mtu anapojifunza jambo jipya. Walikuta pia kwamba kazi inapotaka ustadi, maneno ya kuelekeza huzidi yale ya kuamsha ari. Kwa lugha ya gym: wewe ambaye ndiyo kwanza unajifunza kuchuchumaa na chuma mgongoni, kujiambia mimi ni simba hakutakusaidia kama kujiambia kifua juu, magoti nje, kaza tumbo. Usimba utakuja baadaye, zoezi likishaingia kwenye damu na kilichobaki ni kusukuma.

Kwa hiyo chagua maneno mawili ya kazi kwa kila zoezi, yasizidi mawili. Kabla ya kugusa chuma, sema la kwanza. Ukikwama njiani, sema la pili. Kwenye kuchuchumaa mimi hupendekeza kaza tumbo kabla ya kushuka, na sukuma sakafu wakati wa kupanda. Kwenye benchi, mabega chini, kisha sukuma. Mara nyingi neno linaloelekea kwenye kitu kilicho nje ya mwili, sakafu, chuma, dari, hufanya kazi vizuri kuliko lile linalokutaka ufikirie goti lako lilivyopinda, kwa sababu ukianza kulifikiria goti katikati ya mzigo, goti nalo huanza kusitasita.

Utaona pia kwamba maneno haya yana pumzi ndani yake. Hilo si geni kwetu. Harambee ilikuwa sauti ya watu wanaovuta au kunyanyua mzigo pamoja kabla Jomo Kenyatta hajaifanya kuwa wito wa taifa mwaka 1963. Mmoja anaita, wengine wanaitikia na kuvuta kwa pamoja. Makuli na wavuvi wanaovuta mashua ufukweni hawaimbi kwa furaha tu. Wimbo unapanga nani anavuta lini na anatoa pumzi lini. Anayenyanyua chuma anahitaji mpango huo huo ndani ya mwili mmoja: jaza pumzi tumboni kabla ya kushuka, kaza, panda, toa pumzi ukishavuka pagumu. Mwenye shinikizo la damu asizuie pumzi kabisa, atoe taratibu wakati wa kusukuma, achague uzito mdogo zaidi, na daktari wake ajue anachofanya.

Tukija kwenye methali, nashangaa tulivyoziacha zikae kwenye vitabu vya shule. Baadhi ni mafunzo kamili ya chuma. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: sijui maelezo mafupi zaidi ya jinsi ya kung'oa chuma kutoka sakafuni. Wengi hukiendea miguu imenyooka na mgongo umepinda kama upinde, kisha wakishapata jeraha la kiuno wanakilaumu chuma. Ainame, lakini ainame kwa kurudisha makalio nyuma na kukunja magoti kiasi, chuma kikiwa karibu kugusa muundi, mgongo umenyooka toka shingoni hadi kiunoni, mikono imenyooka. Kisha aisukume ardhi chini kama anayetaka kuipasua. Na kuinama kwingine ni kule kwa moyo. Ukikuta mgongo unapinda, ondoa uzito hadi uache kupinda, hata kama mtoto wa jirani anatazama.

Kamba hukatikia pabovu nayo ni ya kutundikwa. Ukishindwa kunyanyua, jiulize ni wapi palipokatika. Wengi huona mgongo ni dhaifu, kumbe ni mshiko: vidole vinafunguka kabla misuli mikubwa haijachoka. Dawa yake haihitaji mashine. Ndoo mbili za lita 20 zilizojaa maji ni kilo 40, na kutembea nazo taratibu, kifua juu, mabega yametulia, ni zoezi la mshiko, mabega, tumbo na miguu kwa pamoja. Akina mama na wasichana wa mitaa isiyo na maji ya bomba wanalifanya kila siku, bila mtu wa kuwapiga picha.

Haba na haba hujaza kibaba kila mtu anaikubali kwa mdomo. Kwenye chuma ndiyo ngumu kuliko zote, na sababu moja ni vyuma vyenyewe. Gym ya mashine ina sahani za kilo moja na robo, mtu anaongeza kilo mbili na nusu kwa jumla na mwili hauna habari. Mtaani kuna chuma cha 30 halafu cha 45. Huo si mwendo wa haba na haba, huo ni kuruka mtaro. Kuna njia za kuufunga mwanya huo. Ya kwanza, ongeza mara kabla ya kuongeza uzito: cha 30 kikitoka kwa nane, kifikishe kumi na mbili, kisha kumi na tano. Ya pili, punguza kasi ya kushusha. Ya tatu, chupa. Chupa ya maji ya lita moja na nusu ni kilo moja na nusu. Ikijazwa mchanga mkavu inakaribia kilo mbili na nusu. Funga moja kila upande kwa kamba au ukanda wa tairi la ndani, ikaze kabisa isining'inie, na pande zote mbili zilingane. Haipendezi kutazama. Inafanya kazi.

Na usiitumie methali hiyo bila akili. Ukiongeza kilo mbili na nusu kila wiki mbili, hesabu inasema mwaka utaisha na kilo 65 juu ya ulizoanza nazo. Haitakuwa hivyo. Miezi ya kwanza utapanda haraka, kisha utakwama, kisha utapanda kidogo na kukwama tena. Ukikwama wiki tatu nne, punguza uzito kwa wiki moja, lala vya kutosha, kula, kisha rudi. Katika hali nyingi nilizoziona, aliyekwama alikuwa na njaa. Ugali na mchicha peke yake havijengi msuli. Maharage, mayai, dagaa, samaki, maziwa, karanga: hivyo ndivyo vinavyojenga, na vingi vinapatikana sokoni kwa bei ndogo kuliko ile ya kopo la unga wa protini.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, hii mpe aliyeumia. Bega likiuma, miguu haijaumia. Mtu aliyeteguka kifundo cha mguu anaweza kukaa na kusukuma chuma juu kwa wiki nzima. Kinachowapoteza walioumia ni kuona kwamba ama wafanye kila kitu au wakae nyumbani, na wakishakaa nyumbani miezi miwili hawarudi.

Nije kwenye maneno mawili ya wanariadha wetu, kwa sababu nayo yameshaingia kwenye gym. Mwaka 1968 huko Mexico City, John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka katikati ya mbio za marathoni akaumia goti. Aliendelea, mguu umefungwa bandeji, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, watazamaji wengi wakiwa wameshaondoka. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile aende kuanza mbio, ilimtuma akazimalize. Sijui Mtanzania asiyesisimka kwa jibu hilo. Lakini lile lilikuwa jibu la Olimpiki, siku moja katika maisha, mbele ya nchi nzima. Jumanne yako ya kupiga miguu itarudi Jumanne ijayo. Goti likikusaliti leo katikati ya seti ya tatu, hakuna taifa lililokutuma kuimaliza.

Eliud Kipchoge wa Kenya naye ana lake, kwamba hakuna binadamu mwenye mipaka. Alilibeba hadi Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, akakimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Wanaolipenda neno hilo husahau kwamba siku ile alisaidiwa na wakimbiaji 41 waliopokezana kumkata upepo, na gari lililomwonyesha mwendo barabarani. Nyuma yake kulikuwa na miaka ya mazoezi yaliyopimwa na kuandikwa chini ya kocha wake, Patrick Sang. Mtu asiye na mipaka alikuwa na ratiba kali kuliko ya karani wa benki. Ukilipenda neno lake, chukua na daftari lake: andika tarehe, zoezi, uzito, mara ngapi. Ukurasa wa mwezi uliopita utakutia moyo kuliko bango lolote, kwa sababu unakuhusu wewe.

Kuna maneno mengine yanayozunguka chuma ambayo kazi yake ni kukatisha tamaa, na mengi hulengwa kwa wanawake. Utakuwa kama mwanamume. Nani atakuoa na mikono hiyo? Dada zangu, msuli mkubwa wa kiume hujengwa kwa homoni ambazo mwili wa mwanamke unazo kwa kiasi kidogo sana, na hata wanaume wenyewe hutafuta msuli huo kwa miaka bila kuupata. Mtakachopata ni nguvu, mkao mzuri na mifupa iliyo imara zaidi, jambo linalohitajika sana baada ya hedhi kukoma, mifupa inapopungua kwa kasi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mtu mzima, wa kike na wa kiume, afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, na wenye miaka 65 na zaidi siku 3 zenye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara. Bibi anayeinuka kwenye kiti bila kushika meza ananyanyua chuma chake. Na kama maneno ya watu yanawakera, mna khanga. Sanaa ya kujibu bila kufungua mdomo nyinyi ndio wenyewe.

Sasa ile siku ambayo hutaki kabisa. Mvua, foleni, mshahara haujaingia. Hapo, kusema kweli, msemo hausaidii sana. Kinachosaidia ni begi lililoandaliwa jana usiku na mtu anayekungoja. Kama ni lazima uwe na neno, liwe sheria, si shairi. Sheria ninayoipenda kuliko zote ni sikosi mara mbili. Ukikosa Jumatatu kwa sababu yoyote, hata ya uvivu, hujisemi, hujilaumu, lakini Jumatano upo. Nyingine ni naenda kwa dakika kumi. Ukifika ukafanya dakika kumi na bado mwili unakataa, rudi nyumbani kwa amani; mara nyingi hutarudi.

Ukitaka kujitungia lako, lifanye fupi. Hapa Kazi Tu ya John Magufuli, aliyoinadi kwenye kampeni za 2015 huku akipiga pushapu jukwaani, iliingia kwenye vinywa vya watu kwa sababu inatoka kwa pumzi moja. Liwe la kweli pia. Ukijiambia huchoki na miguu inatetemeka, mwili utajua unadanganywa. Nimechoka lakini nina mbili zaidi, ukweli huo mwili unaubeba. Na lijaribu siku mbaya kabla ya kulichanja mkononi. Maneno mengi ni matamu siku umelala kwa muda wa saa nane.

La njia ya mkato nitalipita haraka. Katika kila gym kuna anayejua mtu mwenye vidonge au sindano za kukufanya baunsa ndani ya miezi miwili, na msemo wake huwa mtamu kuliko wote. Homoni hizo zinapotumiwa bila daktari huweza kuharibu moyo na ini na kuzima uwezo wa korodani kutengeneza mbegu, na chupa ya mtaani huwezi kujua ndani yake kuna nini. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Basi.

Nimalizie na wenye gym, kwa kuwa kuta ni zenu. Mkipaka rangi mwakani, mwacheni Schwarzenegger abaki, hana ubaya. Ila juu ya benchi andikeni hapa halali mtu peke yake, kwa herufi kubwa. Kwenye sehemu ya kung'olea chuma, mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mchoro wa mgongo ulionyooka kando yake. Karibu na kioo, usione vyaelea, vimeundwa, kwa ajili ya wale wageni wanaomtazama mwenyeji wa miaka kumi na kutaka mkono wake kufikia Idi. Mahali pa maji, nambari ya simu ya zahanati ya karibu. Na mlangoni, mahali ambapo kila mtu atapaona akitoka: rudisha chuma ulipokitoa, futa jasho lako. Hilo la mwisho mlirudie kwa mdomo kila jioni, maana kwa ukuta peke yake halijawahi kusikilizwa.